Uta Uliopakwa Mafuta

Juzi nilikuwa sokoni Mwanakwerekwe nachagua bamia, nikasikia harufu iliyonifanya nisimame wima. Mama mmoja wa makamo alikuwa amefungua chupa ya mafuta ya nazi amnusishe mteja wake. Mafuta yenyewe si haya ya dukani yasiyo na harufu wala baraka, ni yale ya kupikwa nyumbani yakatiwa asumini yangali jikoni. Mara nikawa tena mtoto wa miaka kumi na mbili, kichwa kinameremeta, fidla kwapani. Muuzaji alinitazama kama watu wanavyowatazama vikongwe wanaoganda njiani, akaniuliza kama nataka. Nilitaka. Nilirudi nyumbani na chupa mbili za mafuta bila ya bamia hata moja, na wanangu hawajamaliza kunicheka.

Basi ngoja niwahadithie nyinyi, maana wao washaisikia hadithi hii mpaka wameichoka, na mwisho wake sijapata kuwaambia.

Mapinduzi yalikuwa na miaka michache tu. Tulikuwa tukikaa Ng'ambo, Kikwajuni, wanawake watatu katika nyumba moja: Mama, Bibi na mimi. Baba yangu, Ame, alikufa kwa homa kabla sijaanza chuo cha Kurani, na simkumbuki ila kwa vipande vipande, kikohozi chake na vidole vyake virefu. Alikuwa mpigaji fidla katika klabu moja ya taarabu mjini, na fidla ndiyo aliyotuachia. Ilikaa juu ya kabati la Mama ndani ya sanduku lake jeusi. Kila Ijumaa Bibi, ambaye ndiye aliyemzaa Baba, alilishusha lile sanduku, akalifuta vumbi, akalirudisha bila ya kulifungua.

Bibi hakuwa mtu wa maneno ya mapenzi. Mapenzi yake yote alikuwa ameyatia katika chupa ya mafuta. Zilikuwa siku za foleni, mchele foleni, sukari foleni, lakini nazi haikutukosa, na ikishapatikana Bibi hukuna, akachuja tui, akalipika taratibu mpaka mafuta yapande juu, kisha akatia asumini aliyoichuma uani jioni iliyopita. Hapo tena kichwa changu hakikuwa changu. Nilikaa chini baina ya magoti yake, akanichana huku nikilia, akanipaka, akanisuka, na mimi nikiendelea kulia kidogo kwa ajili ya heshima yangu. "Kichwa kikavu hakitoki mlango wangu," alikuwa akisema, na kweli hakikutoka.

Alikuwa na kanuni moja. Mafuta yanayobaki kiganjani baada ya kumaliza kichwa hayafutwi kwa kitambaa wala hayanawiwi, bali yanakwenda kichwa kinachofuata. Mama alinihadithia kwamba enzi za Baba, kichwa kilichofuata kilikuwa chake, mtu mzima yule, ana mke na mtoto. Akitaka kwenda kupiga, lazima asimame mlangoni na fidla yake kwapani, ainamishe kichwa, apakwe yaliyobaki. Wenzake klabuni walikuwa wakimtania kwamba huja ananukia kama bibi harusi. Alipokufa Baba, yaliyobaki Bibi akawa anajipaka miguuni.

Ikawa mwaka mmoja klabu ile ikafungua mlango kwa watoto. Maalim Faki, ambaye alikuwa akikaa kiti kwa kiti na Baba, ndiye aliyetufundisha, kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Mama alinipeleka kwa shingo upande. Hakuwa na neno na muziki. Alikuwa na neno na watu, na mtoto wa kike kupiga fidla mbele ya watu lilikuwa jambo la kuzungumzwa kwenye kila baraza kutoka Kikwajuni mpaka Darajani. Lakini Bibi alisema fidla haijifunzi yenyewe juu ya kabati, na Mama alikuwa hajui kumkatalia mama mkwe wake. Nikajifunza. Kwanza nililiza paka, baadaye nikaliza milango, mpaka siku moja bila ya taarifa ikatoka sauti ya fidla. Mama alikuwa akipepeta mchele uani. Akasita, kisha akaendelea kupepeta.

Tulipokwisha pata msingi, Maalim akatangaza majaribio. Klabu ilikuwa inaunda okestra ya vijana, na kila mtoto angepiga peke yake mbele yake na mbele ya wazee wawili wa klabu. Watakaofaa watachukuliwa. Wasiofaa, asanteni, rudini kwenu. Kipande tulichopewa kilikuwa bashrafu, ule muziki wa ala tupu usioimbwa ambao hufungulia taarabu.

Jioni ile Mama alinikalisha akanipa sharti lake. "Rukia, ukichukuliwa utapiga, na mwenye kusema na aseme. Usipochukuliwa, fidla inarudi juu ya kabati, wala nsiisikie tena." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka kubeba kitu na anatafuta pa kukitua. Nami nikaona sawa, nikaenda uani kupiga, na hapo ndipo mkono wangu wa kulia ulipoanza kutetemeka.

Sijui kama mmepata kushikwa na kitete cha mkono wa uta. Uta wa fidla ni mrefu, na mtetemo mdogo ukianzia kwenye bega hufika nchani umeshakuwa mkubwa. Badala ya sauti moja ndefu zilitoka sauti ndogo ndogo nyingi, kama mbuzi anayelalamika. Nikishakaza mkono, sauti inakauka. Nikiulegeza, mbuzi huyo anarudi. Chakula kilinikataa. Usiku nikiota nimesimama mbele ya wazee, nimeshika mwiko.

Dawa zililetwa. Bibi alinifundisha kuomba dua ya kufunguliwa kifua, nikaisoma mpaka nikawa naisoma chooni, nikakemewa. Akanipeleka kwa mwalimu wetu wa chuo kuandikiwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji nikanywa. Mama, aliyekuwa amesema hataki kuingia katika mambo hayo, alinong'ona nikiwa nakosha vyombo kwamba nisiwatazame wazee usoni, nichague msumari ukutani niutazame huo. Mama akiwa anadhani huko ni kutokuingia katika mambo.

Dawa kubwa kuliko zote ilikuwa ya Bibi. Aliwaalika mashoga zake waje kukaa uani wanisikilize, ili nizoee macho ya watu. Walikuja na buibui zao na uraibu wao wa tambuu, wakajaa mkekani, wakasema mcheza kwao hutunzwa, basi nipige. Nikapiga. Kwa muda mfupi sana walinisikiliza. Kisha mmoja akakumbuka kwamba pana duka limeleta unga, na bashrafu yangu yote ikapita juu ya habari za unga. Nilipomaliza walipiga vigelegele, wakanivisha kikuba cha asumini, na mmoja akaniambia nimepiga vizuri, lakini kwa nini sikuimba. Nilikasirika. Leo nadhani hakuna mazoezi bora kuliko yale kwa mtu anayetaka kupiga taarabu, maana mpigaji wa taarabu hupiga maisha yake yote juu ya habari za watu wengine.

Siku yenyewe ikafika. Bibi alikuwa amepika mafuta mapya tangu jana yake. Alinikalisha baina ya magoti yake, akanichana taratibu kuliko siku zote, wala sikulia. Sanduku la fidla lilikuwa wazi pembeni yetu kwenye mkeka, kwa sababu nilitaka kuitazama wakati ninasukwa. Alipomaliza alinigonga utosini kwa kidole, ndiyo ishara yake ya kusema nshakwisha, nikakimbia ndani kuvaa gauni langu la sikukuu. Niliporudi sanduku lilikuwa limefungwa, na Bibi amesimama mlangoni ananisubiri kunipa mkono. Nikambusu mkono wake, ulikuwa unateleza. "Haya, mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyokuwa akiniita kwa utani, "maji ukiyavulia nguo, yaoge."

Mimi na Mama tulikwenda kwa miguu, tukapita Darajani, tukaingia mjini. Njia nzima nilikuwa nikitafuta msumari. Klabu ilikuwa ghorofani, ngazi zake za mbao zikilia kila ukikanyaga, na juu kulikuwa na ukumbi wenye joto na madirisha marefu. Wazazi walikaa nyuma. Wazee watatu walikaa mbele, Maalim Faki katikati, kofia yake ameiweka gotini. Wavulana walitangulia. Mmoja alipiga vizuri mno nikamchukia, mwengine akasahau katikati akaomba ruhusa ya kutoka, nikampenda.

"Rukia Ame."

"Naam," nikaitika, na sauti ikanitoka ndogo.

Nikasimama. Nikauona msumari, ulikuwa umetundikiwa kalenda. Nikasoma dua yangu, nikaweka fidla begani, nikainua uta, nikaupitisha juu ya nyuzi.

Hapakuwa na sauti. Nasema hapakuwa na sauti yoyote, hata ya mbuzi. Uta ulipita juu ya nyuzi kama kiganja kinavyopita juu ya hariri, ukafika mwisho, ukanyamaza. Nikaurudisha. Ukarudi vilevile, laini, hauna habari. Nikakandamiza. Ikatoka pumzi, basi. Nikaendelea hivyohivyo, mkono unakwenda na kurudi, vidole vya kushoto vinabonyeza bashrafu yote kama ilivyoandikwa, na ukumbi mzima umekaa kimya ukingoja nianze.

"Piga, mwanangu," mzee mmoja akaniambia kwa upole. "Usione haya."

"Nnapiga," nikamjibu. "Nshafika nusu."

Watu walicheka. Sikuwalaumu wakati ule wala siwalaumu sasa. Lakini nilimwona Mama kule nyuma, hakucheka, alikuwa amelikamata buibui lake kwa mikono miwili. Nikaliona sanduku jeusi likipanda juu ya kabati, na Bibi akilifuta vumbi kila Ijumaa mpaka mwisho wa dunia. Machozi yakanijaa, msumari ukawa misumari miwili.

Maalim Faki aliinuka. Akanijia, akachukua uta mkononi mwangu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Zile singa za mkia wa farasi ambazo zinatakiwa ziwe kavu na nyeupe, zilizopakwa sandarusi ili zikwaruze nyuzi na kuziliza, zilikuwa zinameremeta kama kichwa changu. Akapitisha kidole. Akakinusa. Kisha akasimama pale, na kidole kiko puani, kwa muda mrefu zaidi ya anaohitaji mtu kujua harufu ya mafuta ya nazi.

Nilingoja kukemewa. Badala yake akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo nadhani wazee wale wawili hawakuisikia, "Bibi yako hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

"Mpe salamu zangu."

Nikafikiri mzee huyu kapandwa na joto. Mimi nafa, yeye ananiuliza habari za Bibi. Akaenda kwenye kiti chake, akafungua sanduku lake, akanipa uta wake mwenyewe. Ulikuwa mzito kuliko wangu, na mahali pa kushikia palikuwa pamelika kwa vidole vyake. Kisha akarudi kukaa, akaiweka kofia gotini, akasema, "Haya. Anza tena."

Ndugu zangu, nimekuja kujua baadaye kwamba kitete hulishwa na kitu kimoja tu, nacho ni lile jambo baya ambalo halijatokea. Langu lilikuwa limekwisha kutokea, mbele ya watu wote, nao washacheka. Nikasema liwalo na liwe. Sikuutafuta msumari wala sikusoma dua. Nikapiga, na sauti ya kwanza ilipotoka ilikuwa kubwa hata nikashtuka mwenyewe. Nilikosea pahala, nikapita. Nilipomaliza sikupigiwa vigelegele, maana hapakuwa mahala pake, lakini yule mzee aliyeniambia nisione haya alikuwa akipiga kidole gumba juu ya goti, na bado kikawa kinapiga baada ya mimi kunyamaza.

Maalim hakusema nimechukuliwa. Alinirudishia uta wangu akaniambia, "Jumamosi uje nao mapema, tuuoshe." Ngazi zote nilishuka nikijiuliza kwa nini mtu aoshe uta wa mtoto aliyeshindwa. Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo nilipofahamu, nikamshika Mama mkono, naye tayari alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Tulimkuta Bibi amekaa kizingitini. Nikamwambia nimechukuliwa, akashukuru, akanivuta akanikumbatia. Kisha Mama akamsimulia mambo ya uta, na sote mbavu hatuna. Bibi alifunika mdomo kwa kanga. "Kumbe haupakwi mafuta?" akauliza. "Mie nliona nywele ni nywele." Mama alikaa chini palepale akicheka, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya tangu afe Baba. Majirani wakatoka kuuliza kuna nini. Tangu siku ile, katika mtaa wetu, mtu akifanya jambo kwa nia njema likaharibika, watu humwambia nywele ni nywele.

Jumamosi Maalim aliuosha uta kwa spiriti ya kuwashia karabai, akaukausha, akaupaka sandarusi mara nyingi. Ukapata sauti. Lakini harufu haikutoka yote. Siku za joto, ukumbi ukijaa watu, nilikuwa nikiisikia nikiwa katikati ya kupiga, na mara mojamoja nilimwona Maalim Faki anageuza uso upande wangu. Bibi naye hakuacha mafuta yake. Kila tulipokuwa na onyesho, wasichana wa okestra walipitia kwetu kwanza, wakapanga foleni uani, na yaliyobaki kiganjani yakenda kichwa kinachofuata. Sanduku la fidla tukiliweka mbali naye, kwa utani, naye akijifanya kununa.

Hapo ndipo wanangu hudhani hadithi imekwisha.

Miaka mingi ikapita. Maalim Faki alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Bibi amekuwa mzee asiyeona vizuri, na zamu ya mafuta imegeuka: mimi ndiye ninayekaa juu, yeye amekaa chini baina ya magoti yangu, nywele zake nyeupe chache nazisuka ukili mwembamba. Siku hiyo palikuwa na wageni, na mtu akaomba hadithi ya uta. Nikaihadithia, watu wakacheka, Bibi akacheka kuliko wote, wakaondoka. Tukabaki wawili. Nilidhani amesinzia.

"Nlikuwa nnajua," akasema.

Nikamuuliza alikuwa akijua nini.

"Kuwa haupakwi mafuta. Mwanangu kapiga fidla ndani ya nyumba yangu tangu hajaota ndevu, kila siku namwona anausugua kwa sandarusi. Ntakosaje kujua?" Akakifunua kiganja chake. "Nlikwisha kichwa chako, ukenda kuvaa. Mafuta yamebaki mkononi, na uta wake uko pale. Mkono ulikwenda wenyewe, mke mwenzangu. Nlipogutuka nshaupaka wote, nikafunga sanduku, nkaona haya kukwambia."

Umri wote ule nilikuwa nikiihadithia kama kichekesho cha bibi wa zamani asiyejua uta wala fidla, naye akatuachia tumcheke, akacheka pamoja nasi, kwa sababu jioni ile Mama alicheka na nyumba ikawa na watu tena. Nikamkumbuka Maalim Faki pale dirishani na kidole puani. Miaka alikaa kiti kwa kiti na harufu ile. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Alifahamu palepale kichwa gani kilikuwa kimepakwa, ndiyo maana hakuuliza habari za uta, akauliza habari za mama yake Baba.

Bibi alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa umepata mafuta kutoka kwangu. Akawa anatafuta kanga ya kujifutia. Nikamzuia. Nikashuka chini mkekani, nikainamisha kichwa mbele yake, naye akanipaka yaliyobaki.